Korosho hulipa Oktoba, tumbo hudai Februari

MWEZI wa Februari, mvua ikiwa imeshika, mkorosho hauna cha kumpa mwenye shamba. Maua yake ni ya Juni na Julai, korosho zake ni za Oktoba. Mahindi mapya bado ni mabichi, fedha za msimu uliopita zimekwishakwenda kwenye ada, mabati na madeni, na kilichobaki ndani ni debe la unga linalopungua kila jioni.

Hapo ndipo anapofika mnunuzi wa kangomba. Haji na mizani wala stakabadhi. Anakuja na bakuli na fedha taslimu, au na mahindi nyuma ya baiskeli, na anachonunua ni korosho ambazo mti wake bado haujatoa ua. Mwenye shamba hupokea leo, na Oktoba hulipa kwa bakuli. Serikali imeupiga marufuku ununuzi huu, viongozi wameukemea katika mikutano, mizigo imekamatwa, lakini haujafa. Sababu yake si ngumu kuiona: kangomba haianzii sokoni, huanzia jikoni.

Ndiyo maana kwa mkulima wa Chiwata, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde wilayani Masasi, na kwa wenzake wa Newala, suala la chakula gani kipandwe na kipewe eneo kiasi gani si suala la mapishi tu. Ni suala la biashara ya korosho yenyewe. Kaya isiyo na chakula chake Februari huuza korosho ya Oktoba kwa bei ya njaa. Na wakati hayo yakitokea, udongo na afya za watu navyo hulipa sehemu yake.

Mkorosho ulivyotwaa uwanda

Mkorosho si mti wa asili wa Afrika. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki kutoka Brazili katika karne ya 16, na kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kivuli na matunda tu. Ni katikati ya karne ya 20 ulipogeuka kuwa zao kuu la biashara kusini mwa Tanzania. Uwanda wa Makonde uliufaa: udongo wa kichanga wenye kina, unaopitisha maji haraka, na kiangazi kirefu kinachoruhusu maua kushika. Mkorosho haukudai mbolea wala mto.

Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Miaka 13 baadaye, msimu wa 1986/87, mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Mambo matatu yalikutana. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, ikabaki bila palizi. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo mno kumfanya aifuate mikorosho hiyo. Na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe unaoshambulia majani machanga na maua hadi yanakauka kabla ya kuzaa.

Zao lilifufuka kwa salfa ya unga, kwa utafiti wa kituo cha Naliendele mjini Mtwara, na kwa soko lililofunguliwa miaka ya 1990. Mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwenye korosho, na mkulima akaanza kuuza kwa mnada kupitia chama chake cha msingi na vyama vikuu kama MAMCU kwa Masasi na Mtwara, na TANECU kwa Tandahimba na Newala. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, na katika baadhi ya minada kilo moja ilipita Sh 4,000.

Bei ya namna hiyo huhamisha mipaka ya shamba. Palipokuwa na muhogo palipandwa miche ya mikorosho. Palipokuwa na mtama na njugu mawe kati ya mikorosho michanga, matawi yalikutana juu na kivuli kikafunga. Hakuna aliyekaa siku moja akaamua kuacha chakula. Kilipungua mstari kwa mstari, mwaka hadi mwaka.

Msimu uliofuata ulitoa somo. Oktoba 2018 wakulima walikataa bei za wanunuzi minadani kwa kuwa zilikuwa chini mno kulinganisha na mwaka uliotangulia. Novemba, Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali itanunua korosho yote kwa Sh 3,300 kwa kilo na jeshi litaisomba. Bei hiyo ilikuwa nzuri. Lakini malipo yalipitia uhakiki, uliolenga pia kuwabaini wafanyabiashara wa kangomba, na wapo waliosubiri fedha zao hadi ndani ya mwaka 2019. Kwa mwenye muhogo ardhini, kusubiri kulikuwa ni kero. Kwa aliyekuwa na mikorosho peke yake, bei nzuri iliyochelewa haikupikika.

Hesabu ya ekari moja

Ili kuona jambo hili kwa tarakimu, chukua mfano wa ekari moja. Bei zilizomo hapa ni za mfano tu, na kila msomaji aweke za kwake.

Kwa nafasi inayopendekezwa ya mita 12 kwa 12, ekari moja hubeba mikorosho kama 28. Kila mti ukitoa kilo saba, ekari ina kilo 196. Kwa Sh 2,500 kwa kilo, hizo ni Sh 490,000 kabla ya kutoa gharama za palizi, kupulizia, kuokota na makato.

Sasa kaya hiyo imeishiwa chakula Februari, mahindi yanauzwa Sh 1,000 kwa kilo. Inauza kilo 80 za korosho kwa kangomba kwa Sh 1,000 kila kilo. Inapata Sh 80,000, yaani kilo 80 za mahindi. Oktoba korosho hizo hizo zingeleta Sh 200,000. Kwa maneno mengine, kaya imekopa Sh 80,000 na kulipa Sh 200,000 baada ya miezi minane. Riba ya mkopo huo ni asilimia 150. Mkulima huyo huyo angeambiwa na benki kuhusu riba ya namna hiyo angeondoka bila kuaga, lakini kwa kangomba haiiti riba kwa sababu imefichwa ndani ya bakuli.

Chukua upande wa pili. Kaya hiyo ingetenga robo ya ekari kwa muhogo, ingepoteza mikorosho saba, yaani kilo 49 za korosho, sawa na Sh 122,500. Robo ekari ya muhogo, kwa mavuno ya kawaida ya tani mbili kwa ekari, hutoa kilo 500 za muhogo mbichi, ambazo zikikaushwa hubaki kama kilo 150 za makopa au zaidi kidogo.

Linganisha. Zile Sh 122,500 zikipokelewa Oktoba na kununua mahindi siku hiyo hiyo kwa Sh 700 kwa kilo, zinaleta kilo 175. Kwa hiyo mkulima anayelipwa kwa wakati, anayenunua chakula siku ya malipo na kukihifadhi vizuri, hapotezi kitu kwa kupanda korosho. Anaweza hata kupata kidogo zaidi. Lakini kilo 49 zile zikienda kwa kangomba Februari, zinaleta kilo 49 za mahindi, chini ya theluthi ya makopa ambayo robo ile ile ya ekari ingetoa.

Hapo ndipo ilipo siri ya hesabu yote. Mkorosho humlipa vizuri mtu asiyelazimika kuuza kabla ya mnada. Chakula kilichomo shambani ndicho kinachompa nguvu ya kusubiri. Kwa lugha ya biashara, robo ekari ya muhogo ni bima ya robo tatu za korosho zilizobaki, na ada ya bima hiyo inalika.

Unga wa njano unaobaki chini

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye stakabadhi. Kuanzia Juni hadi Septemba, alfajiri kabla ya upepo kuamka, mashine za kupulizia hunguruma uwandani na wingu la njano hupanda juu ya mikorosho. Pendekezo la kawaida ni robo kilo ya salfa kwa mti kila mpulizo, kwa mipulizo mitano. Hiyo ni kilo moja na robo kwa mti, au kilo 35 kwa ekari kila msimu.

Salfa hiyo haishii kwenye maua. Sehemu yake huanguka chini, na bakteria wa udongoni huigeuza kuwa tindikali. Kwa kanuni za kemia, kilo moja ya salfa iliyogeuka yote huhitaji takriban kilo tatu za chokaa kuituliza. Kama salfa yote ya ekari moja ingebaki palepale, mkulima angedaiwa zaidi ya kilo 100 za chokaa kila mwaka. Upepo huchukua sehemu, lakini kinachochukuliwa huangukia shamba la jirani, ambaye naye cha kwake huja huku.

Udongo wa mfinyanzi ungeweza kustahimili kwa miaka mingi. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga, una mboji kidogo, na uwezo wake wa kuhimili tindikali ni mdogo. Mtafiti Amos Majule na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti kuhusu athari za kupulizia salfa kwa mazingira ya mikorosho kusini mwa Tanzania, na tahadhari juu ya kuchachuka kwa udongo imekuwapo tangu wakati huo.

Mkorosho wenyewe huvumilia udongo mchachu, na muhogo vilevile. Wasiovumilia ni mahindi, karanga na jamii nyingine za mikunde. Udongo ukichachuka, fosforasi hufungwa, mizizi hudumaa, na vijidudu vinavyosaidia mikunde kujitengenezea mbolea ya naitrojeni hupungua nguvu. Mkulima huona karanga zimekuwa njano na maganda hayajajaa, akasema mbegu imechoka. Mara nyingine kilichochoka ni ardhi.

Katika misimu ya karibuni Serikali imekuwa ikigawa pembejeo za korosho kwa ruzuku. Ni msaada mkubwa kwa mkulima asiye na mtaji. Lakini kitu kisicholipiwa dukani ni rahisi kukitumia bila kipimo, na udongo hautofautishi salfa ya ruzuku na ya kununuliwa.

Wapuliziaji nao wana fungu lao. Vumbi la salfa huwasha macho, hukausha koo na kumsumbua zaidi mwenye pumu. Kanga iliyofungwa puani haizuii vumbi laini. Watoto hawapaswi kuwapo shambani saa hizo, na mboga zilizo chini ya miti zisichumwe siku ya kupuliza.

Muhogo wa haraka

Kama muhogo ndio bima, basi nao una masharti yake, na Wilaya ya Masasi iliyajifunza kwa uchungu. Mwaka 1988 wilayani humo watu walipatwa na sumu ya muhogo baada ya kula unga ambao haukutengenezwa vya kutosha. Mtafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, Nicholas Mlingi, na wenzake walieleza tukio hilo katika ripoti ya kisayansi ya mwaka 1992. Chakula kilikuwa haba, na njia ya haraka ya kupata unga, inayofahamika huko kwa jina la chinyanya, ilikuwa kuutwanga muhogo mbichi, kuuanika juani na kuutwanga tena, hadi upikike siku hiyo hiyo.

Wakulima wa muhogo mchungu hawaupandi kwa kutojua. Nguruwe pori na nyani huuogopa, na hukaa ardhini muda mrefu bila kuibwa. Lakini ulinzi huo ni sumu ya sianidi, na sumu hiyo hupanda mvua inapokuwa chache, yaani mwaka ule ule ambao watu wanautegemea zaidi. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo yanataka unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Kuanika makopa peke yake kunaweza kuacha robo hadi theluthi ya sumu iliyokuwamo kwenye muhogo mbichi. Kwa muhogo mchungu wa mwaka wa ukame, hicho ni kiwango cha hatari.

Njia ya uhakika zaidi ni kuuloweka kwa siku kadhaa kabla ya kuuanika. Hapo ndipo jiografia inapoingia jikoni. Maji ya mvua uwandani huzama chini sana na chemchemi hutokea miteremkoni na chini ya uwanda. Mama aliyebeba ndoo kupanda mlima hawezi kuitumia kulowekea muhogo wakati watoto hawajanywa. Uhaba wa maji humsukuma kwenye jua, na uhaba wa chakula humsukuma kwenye haraka.

Matokeo ya kula sumu hiyo kwa wiki nyingi mfululizo ni ugonjwa wa konzo. Miguu hupooza ghafla na haponi mtu. Waathirika wakubwa ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wagonjwa wa konzo walipatikana katika Mkoa wa Mtwara, na baadaye familia zao zilifundishwa njia rahisi ya kupunguza sumu kwenye unga, iliyobuniwa na mwanakemia wa Australia, Howard Bradbury.

Njia hiyo inastahili kujulikana kila jiko. Unga mkavu huwekwa kwenye bakuli na alama hutiwa ndani ulipofikia. Maji huongezwa kidogo kidogo huku ukikorogwa. Mwanzo unga hushuka, kisha hupanda, na ukirudi kwenye ile alama maji yametosha. Unga huo mbichi hutandazwa kwenye mkeka, unene usizidi sentimita moja, kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, na ugali hupikwa siku hiyo hiyo. Sumu hutoka kama hewa. Maji yanayotumika ni kidogo, na hayamwagwi.

Mbaazi ya kuuza na mbaazi ya kula

Kuna kinga nyingine ya konzo, nayo ipo kwenye mboga. Mwili huivunja sianidi kwa kutumia protini zenye salfa, zinazopatikana kwenye samaki, mayai, nyama na kwa kiasi kwenye mikunde. Anayekula ugali wa muhogo kwa mbaazi, kunde au dagaa ana ulinzi kuliko anayeula kwa chumvi. Ni kejeli ya uwanda huu kwamba salfa nyingi iko juu ya mikorosho na kidogo iko kwenye sahani.

Mbaazi ni zao la siku nyingi kusini. Hutua majani yake chini yakawa mbolea, huvuta naitrojeni kutoka hewani, na mizizi yake hufika chini kuliko ya mahindi. Lakini nayo ilivutwa na soko. India ndiyo mnunuzi mkuu, na wakulima wengi waliipanda kwa ajili ya meli. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Bei kusini mwa Tanzania ilianguka kiasi kwamba wapo walioona gharama ya kuvuna inazidi mauzo. India ililegeza tena milango mwaka 2021, na bei ikapanda.

Katika mwaka ule wa anguko, gunia la mbaazi lisilo na mnunuzi lilikuwa bado ni protini ya kaya kwa miezi kadhaa. Hilo si faraja kwa aliyekuwa na deni, lakini ni tofauti kubwa na korosho ghafi, ambayo mwenye nyumba hawezi kuigeuza kitoweo cha kila siku. Taifa zima limekuwa likihesabu gharama ya sahani pungufu: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta watoto 34 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na ule wa 2022 ulikuta 30. Kudumaa hakuletwi na njaa kali tu. Huletwa pia na mlo uliojaa wanga na kukosa mikunde, mboga na vya mifugo.

Hata porini akiba inapungua. Ming'oko, viazi pori vinavyochimbwa na kuuzwa vimefungwa vifungu katika masoko ya Mtwara na Lindi, vimewahi kuzivusha kaya nyingi miaka mibaya. Lakini kila anayechimba bila kurudishia sehemu ya mzizi, na kila pori linalofyekwa kwa mikorosho mipya, hupunguza kile ambacho hakikuwahi kuandikwa kwenye hesabu yoyote kwa kuwa kilikuwa bure.

Yaliyo mkononi mwa mkulima

Hakuna katika haya kinachosema mkorosho ung'olewe. Bila korosho, Masasi na Newala zingekuwa na nyumba chache za bati na wanafunzi wachache wa sekondari. Suala ni kuulinda usile mizizi yake wenyewe. Hatua zifuatazo haziwezi kusubiri bajeti ya mtu mwingine.

Kwanza, kupunguza miti iliyosongamana. Mkorosho huzaa kwenye matawi ya nje yanayopata jua. Miti iliyokutana matawi huzaa juu tu, na unyevu wa ndani huukaribisha ubwiriunga. Ukiondoa iliyo mibovu hadi nafasi ifike mita 12, jua hurudi ardhini, na kunde, njugu mawe au mbaazi hupata mahali bila shamba jipya kufyekwa.

Pili, kufyeka machipukizi. Majani machanga yanayochipua ndani ya mti wakati usio wa msimu ndiyo hoteli ya ubwiriunga kabla maua hayajaja. Kuyaondoa mapema, kutembelea shamba kila wiki na kupuliza kwa kipimo kamili huokoa salfa. Miche bora ya Naliendele yenye uvumilivu zaidi kwa ugonjwa ipandwe pale mti unapokufa. Dawa za maji zinazotumia kiasi kidogo zinaweza kupokezana na salfa kwa ushauri wa ofisa ugani.

Tatu, kupima udongo. Kipimo cha pH cha shamba la korosho lililopulizwa miaka 20 ni taarifa muhimu kama bei ya mnada. Chama cha msingi kinaweza kukusanya sampuli za wanachama na kuzipeleka kwa pamoja. Majivu ya jikoni, ambayo sasa hutupwa jaani, hupunguza uchachu kwenye bustani ya karanga au mboga, na chokaa ya kilimo ikinunuliwa kwa pamoja gharama ya kuisafirisha hugawanyika.

Nne, kutenga eneo la chakula kwa kamba, kabla ya miche ya korosho haijaagizwa. Robo ekari kwa kila ekari ya mikorosho ni kipimo cha kuanzia. Vipandikizi vya muhogo visitoke kwenye shamba lenye michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha mizizi huku majani yakionekana mazima, bali vichaguliwe kwenye mbegu zinazovumilia. Aina tamu zikae karibu na nyumba, chungu zikae mbali na zijulikane kwa kila mwanakaya.

Tano, kununua chakula siku ya malipo. Mahindi ya Songea huwa yapo sokoni kwa wingi korosho zinapolipwa. Kaya ya watu sita inayokula kilo mbili za unga kwa siku huhitaji kilo 200 kwa siku 100, kuanzia mwanzo wa Januari hadi karibu katikati ya Aprili. Sehemu ya kilo hizo ikitoka kwenye makopa, iliyobaki inunuliwe Oktoba au Novemba na kuwekwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi asitangulie kula.

Sita, kutumia mabibo. Bibo lina uzito mara kadhaa ya korosho yake na vitamini C nyingi kuliko chungwa. Ekari ile ya mfano inayotoa kilo 196 za korosho huangusha zaidi ya tani moja ya mabibo, na mengi huozea chini. Yanaweza kukaushwa, kukamuliwa juisi au kulishwa mifugo, badala ya uraka kuwa matumizi pekee yanayojulikana.

Vyama vya msingi navyo vina nafasi. Chama kinachoweza kununua magunia ya mahindi kwa pamoja Novemba na kuwakopesha wanachama Februari, kwa kukata kwenye mauzo ya Oktoba kwa riba ya kawaida, kitaua kangomba kuliko kizuizi chochote barabarani. Mnunuzi wa bakuli hashindwi na askari, hushindwa na ghala.

Msimu unapangwa sasa

Maamuzi haya hayafanyiki Februari. Mwezi huo mkulima hana tena la kuamua, ana la kukubali. Hufanyika Oktoba na Novemba, fedha zikiwa mfukoni, mvua za kwanza zikinukia, na mfanyabiashara wa bodaboda, redio na mabati akiwa mlangoni. Siku hiyo ndiyo ya kupima kamba ya robo ekari, kuchagua vipandikizi, kujaza mifuko miwili ya mahindi na kuacha pembeni debe la mbegu ya mbaazi lisilouzwa kwa bei yoyote.

Atakayefanya hivyo, mnunuzi wa kangomba atakapopita Chiwata na bakuli lake Februari, atamkaribisha ugali, watazungumza habari za mvua, na ataondoka na bakuli lake likiwa tupu.